Wanyegere Niliowaumba

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa, nikiwa katikati ya somo la mito. Mabati yalipiga kelele hata nikaacha kufundisha. Wanafunzi wa nyuma walikuwa wameinamia simu moja. Sikuwanyang'anya, niliwaomba wanionyeshe. Ilikuwa filamu ya ng'ambo: mbilikimo wenye ndevu wanachimba dhahabu chini ya mlima wa theluji. Watu warefu wenye masikio yaliyochongoka wanatembea juu ya theluji bila kuzama. Dieumerci, mwanafunzi wangu bora wa mwaka wa mwisho, alinitajia koo zao zote, nani adui wa nani tangu vita gani. Nikamuuliza, "Na bibi yako alikusimulia nini?"

"Bibi hakusimulia, Madame. Bibi alikuwa na kazi."

Bibi yangu mimi alisimulia. Alizaliwa upande wa Niemba kabla ya kuolewa na Waislamu wa ziwani. Alisema porini kuna watu wafupi sana wenye vichwa vikubwa. Ukikutana na mmoja atakuuliza, "Umeniona tangu wapi?" Ukijibu, "Nimekuona hapa hapa," anakuua, kwa maana umemdharau. Ukijibu, "Nimekuona tangu kule mlimani," anafurahi na kukuonyesha njia. Ni hayo tu. Hakusema wanakula nini, wanalala wapi, wanaogopa nini. Ni mifupa bila nyama.

Nyama nitaitia mimi. Waandishi wa ng'ambo walifanya hivyo hivyo na viumbe vya bibi zao. Nimenunua madaftari mawili: moja la riwaya, na hili, la kuandika jinsi kazi inavyokwenda. Kwenye jalada nimeandika: Maimouna, mwalimu wa jiografia, Kalemie.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jina limepatikana: Wanyegere. Nyegere ni mwizi wa asali, hana hofu, na ngozi yake haipenywi na mkuki. Wanyegere wangu wana pinde na wanaishi kwenye vibanda vya majani. Mchana wanauza asali na kuni kando ya barabara, na jua likishuka wanafuata nyayo za mnunuzi hadi kwake. Sura ya kwanza inaanza na mvua, na imejiandika yenyewe. Sijapata furaha ya namna hii tangu mume wangu Djafari afariki.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimempelekea Syntiche sura mbili. Ni binti anayepiga chapa kwenye kibanda karibu na posta, mkimya, hakosei herufi. Ameniambia nirudi Jumatano.

Jumatano, 25 Oktoba

Kazi safi. Hakusema neno juu ya hadithi.

Jumamosi, 4 Novemba

Sura ya tatu imekamilika. Ndani yake Wanyegere wanachanganya damu ya watu kwenye asali ili anayeilamba awe mtumwa wao. Nilipokuwa najisifu mbele ya Syntiche, aliuliza bila kuinua macho, "Mama Maimouna, hawa Wanyegere hawana watoto?"

"Adui wa hadithi hahitaji watoto," nilimjibu.

Akasema, "Ndiyo, Mama," akaendelea kupiga.

Jumapili, 12 Novemba

Tony wa redio ya mtaa wetu amesoma sura ya kwanza hewani. Ana sauti ya kufanya hata orodha ya sokoni iogopeshe. Nilisikiliza uani pamoja na majirani, na mlio wa chombo chochote haukusikika hadi alipomaliza.

Jumatatu, 20 Novemba

Ziwa linapanda. Mpera wa jirani umesimama majini.

Jumamosi, 2 Desemba

Sura ya tatu ilisomwa Jumapili iliyopita, na sasa watu wananisimamisha njiani. Mama mmoja wa duka la vitenge alinishika mkono: "Ile ya damu, uliitoa wapi?" Kaka yangu Abdoul, anayevuka mara kwa mara kwenda Kigoma kwa biashara, ameahidi kukichapisha kitabu huko mwezi wa nne. Wanafunzi wanaulizana "Umeniona tangu wapi?" getini kila asubuhi. Nimejikuta natabasamu peke yangu.

Jumapili, 10 Desemba

Sura ya sita, na ni nzuri kuliko zote. Watu wa mji wanachoka, wanavizunguka vibanda vya Wanyegere alfajiri na kuvitia moto. Wanawake wanapiga vigelegele. Niliandika tangu swala ya asubuhi hadi adhuhuri bila kunyanyuka.

Jumamosi, 16 Desemba

Syntiche amenirudishia daftari bila kupiga sura ya sita. "Machini imeharibika, Mama." Nyuma yake machini ya kuchapia ilikuwa inawaka na mwenzake anaitumia. Alilifunga daftari kwa mikono miwili, akanipa kama kitu cha moto. Nimeudhika. Nimelipeleka moja kwa moja kwa Tony, anasoma mwandiko wangu vizuri tu.

Jumatano, 20 Desemba

Siku ya kura. Mstari mrefu, jua, kisha mvua.

Jumamosi, 6 Januari 2024

Maji yamefika kwenye ukuta wangu. Nimeweka mawe.

Jumamosi, 13 Januari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa sokoni Kataki natafuta mafuta ya mawese. Kwenye pembe ya soko kulikuwa na mzee ameketi juu ya gunia, mbele yake chupa saba za asali. Mfupi, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Vijana wanne walikuwa wamemzunguka. Mmoja alipiga magoti ili uso wake ulingane na wa mzee, akaweka kiganja juu ya macho kama anayetazama mbali.

"Nyegere, umeniona tangu wapi?"

Aliiga sauti ya Tony hewani. Wenzake walicheka. Watu wa vibanda vya jirani pia walicheka, siyo kwa ubaya mkubwa, kama mtu anavyocheka kitu anachokijua.

Mzee alianza kurudisha chupa zake ndani ya gunia, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama aliyekwisha kuifanya kazi hiyo siku nyingine. Kijana wa pili alinyakua chupa moja. "Tuone kama iko na damu," alisema, akaimimina chini. Mzee aliinuka kuishika chupa yake. Walimsukuma. Sijui ni nani, labda wote. Aliangukia mkono wa kulia, na nilisikia mfupa ukivunjika. Nilikuwa umbali wa hatua kumi.

Yule aliyepiga magoti aligeuka, na alikuwa Dieumerci. Aliponiona uso wake ulifunguka kama anapopata jibu darasani.

"Madame, umeona? Njo wale wa kitabu yako." Alisema "njo" ya mtaani, si "ndio" ya darasani.

Nilitaka kumpiga kofi. Mkono haukuinuka, kwa sababu kila neno alilosema nililiandika mimi. Nilisimama tu na kidumu changu cha mafuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ndiye aliyewafukuza kwa fimbo, akamketisha mzee.

Ndipo Syntiche alipofika anakimbia kutoka upande wa posta. Kuna mtu alikuwa amekwenda kumwita. Alipiga magoti kwenye asali iliyomwagika, akasema, "Papa." Kisha akaniona. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Jumatatu, 15 Januari

Nimekwenda hospitali baada ya shule. Mzee anaitwa Papa Rubens. Alikuwa amelala usingizi, mkono umefungwa kwa plasta. Tulikaa na Syntiche kwenye benchi la nje.

"Machini haikuharibika," alisema.

"Najua."

"Nilipiga sura tano, Mama Maimouna. Kila sura nilisema, ile itakayokuja atawageuza kuwa watu. Nilingojea. Sura ya sita ukawachoma ndani ya vibanda, na wamama wanapiga vigelegele." Alitazama mlango wa wodi. "Sisi ni Watwa, wale munawaita mbilikimo. Tulitoka njia ya Nyunzu mwaka ule wa vita. Mama yangu alibaki ndani ya kibanda, kikiwaka. Vidole vilikataa kupiga."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Hukuniuliza mimi ni mutoto wa nani."

Alisema hivyo bila hasira, kama anavyosema karatasi zimekwisha. Aliongeza kwamba tangu Desemba baba yake alikuwa akirudi na chupa zilezile alizoondoka nazo, wateja wakimwambia hawataki asali ya damu. Alikuwa hajui damu hiyo imetoka wapi hadi jirani alipomfungulia redio, hadithi ikirudiwa tangu mwanzo.

Jumatano, 17 Januari

Nimesoma tena madaftari yote. Nilikuwa nimejitetea moyoni kwamba hadithi ni ya bibi, mimi niliipokea tu. Si kweli. Bibi alinipa swali moja na kichwa kikubwa. Asali, kuni, pinde, vibanda vya majani, kukaa kando ya barabara na kuuza: hivyo vyote sikuvitoa kwa bibi wala kwenye ndoto. Nilivitoa kwa watu niliokuwa nawaona nikiwa mtoto, tukisafiri na baba, wakituinulia chupa za asali kutoka pembeni mwa njia. Niliwaondolea majina, nikawaongezea meno.

Nimeangalia hata ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Nimeandika "mbilikimo wenye ndevu". Kiswahili chetu kina neno moja kwa kiumbe wa hadithi na kwa jirani, na mimi mwalimu nililiandika bila kusita.

Je, nilijua? Mtu asome atakavyo, lakini hapa sitadanganya. Nilijua kidogo, na nilipita haraka.

Ijumaa, 19 Januari

Nimekwenda kwa Tony baada ya swala. Amekwisha kurekodi sura ya sita kwa ajili ya Jumapili, na ameweka hata sauti ya moto. Nimemwomba aifute.

"Mama, hadithi ni hadithi. Nani alishamuchukia sungura sababu ya hadithi?"

"Sungura haendi sokoni kuuza asali."

Alijikuna shingo. Alisema wasikilizaji watamlaumu, wametangaziwa wiki mbili. Nilimweleza juu ya mkono wa Papa Rubens, kisha juu ya mama yake Syntiche. Alizima kompyuta, akakaa akitazama meza. Mwishoni alisema, "Basi njoo mwenyewe useme. Mimi siwezi kulisema hilo kwa sauti yangu."

Jumapili, 21 Januari

Nimesema kwa dakika kumi. Nimesema damu kwenye asali niliibuni mimi nikiwa nimeketi nyumbani kwangu nakunywa chai. Nimesema mzee asiye na kosa amevunjwa mkono kwa sababu yangu, na kwamba hakuna sura nyingine itakayosomwa. Tony alinisogezea maji.

Kisha akafungua simu kwa wasikilizaji. Mtu wa kwanza, mwanaume mwenye adabu, alinisalimu vizuri, akauliza, "Sawa, Mama. Lakini tuambie tu mwisho. Walikufa wote?"

Jumatatu, 29 Januari

Dieumerci nimembakiza darasani wenzake walipotoka. Nilimwambia aombe msamaha. Alitazama viatu vyake, akasema, "Madame, wewe njo uliandika."

"Ndiyo. Twende wote wawili, Jumamosi."

Jumamosi, 3 Februari

Dieumerci hakuja. Nimekwenda peke yangu.

Wanakaa nje ya mji, kwenye barabara ya magharibi, kati ya nyumba za waliokimbia vita na hawakurudi kwao. Papa Rubens alikuwa nje, anajaribu kuchonga mpini kwa mkono wa kushoto. Syntiche alileta kiti, akaondoka kuteka maji. Nilimwomba mzee msamaha. Aliupokea kwa kuitikia kwa kichwa, bila kunifariji.

Kisha nikasema nililokuwa nimelipanga njiani. Nilisema nataka kuandika upya, safari hii niwaandike vizuri: watu wenye hekima, wanaojua dawa zote za pori, wanaosema na miti, ambao watu wa mji wanakwenda kujifunza kwao.

Aliweka mpini chini.

"Mama, mimi sisemi na miti. Hata dawa sijui, nikiugua ninakwenda hopitali kama wewe. Ndugu yangu mukubwa alikuwa mwizi wa mbuzi, muongo kabisa, na tulimupenda. Ulitufanya nyama wa pori. Sasa unataka kutufanya malaika. Na muntu, yeye utamuweka wapi?"

Jua lilikuwa kali, wingu linakuja kutoka ziwani.

"Nilisikiliza mwanzo wa kitabu yako kwa redio ya jirani," alisema baadaye. "Ile mvua. Nilisema, huyu mama anajua mvua. Niliketi karibu nisikie vizuri." Akachukua mpini wake tena. "Halafu tukaingia sisi."

Jumapili, 4 Februari

Sijaandika kitu. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 17 Februari

Nimeanza upya. Mvua imebaki. Jina Wanyegere nimelifuta kila mahali, na damu, na kufuata nyayo. Wale wafupi wa bibi bado wapo, lakini kila mmoja sasa ana jina lake na ugomvi wake. Yuko mmoja anaitwa Kisimba, mwizi wa mbuzi, anayedai alimshinda chui kwa maneno tu. Mkewe hamwamini. Naandika polepole kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya watu wengine gizani. Ukurasa mmoja kwa siku, mara nyingine nusu.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Ziwa limeingia sebuleni.

Alhamisi, 14 Machi

Tumehamia kwa Abdoul, juu mlimani, mimi na vyombo vyangu na madaftari. Nusu ya mtaa wetu imehama. Abdoul aliishika sura ya sita, akauliza kama aitupe, kwa kuwa haitumiki tena. Nimekataa. Nikiitupa nitasahau kwamba niliiandika vizuri.

Jumatatu, 18 Machi

Baada ya kengele Dieumerci alikuja mezani kwangu. Aliuliza yule mzee anakaa wapi. Nilimwelekeza. Nilijitolea kwenda naye, akasema hapana.

Ijumaa, 22 Machi

Syntiche ameniambia kwamba kijana alikwenda. Alikaa na baba yake tangu mchana hadi jua kushuka. Waliyosemezana hakunieleza, nami sikuuliza. Darasani Dieumerci amehamia kiti cha mbele, na hanitazami usoni.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Tumeswali kwenye tope.

Jumamosi, 20 Aprili

Abdoul amevuka kwenda Kigoma leo. Alinisubiri bandarini hadi dakika ya mwisho, akidhani nitaleta kitabu. Nilikwenda mikono mitupu kumuaga. Alisema mchapaji hatangoja mwaka mwingine. Nilimwambia hakuna kitabu bado, kuna sura tatu tu, na anayezipiga chapa huzirudisha na alama za kalamu pembeni: "Hapa hapana." "Huyu anasema kama mwalimu." "Kisimba asingelia mbele ya shemeji." Abdoul alitikisa kichwa akapanda meli. Nilisimama hadi ikawa doa. Niliumia, sitaficha. Nilikitaka kitabu hicho mkononi.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimekwisha wiki hii, lakini ziwa halijashuka.

Syntiche alimsomea baba yake sura zote tatu leo, mimi nikiwepo. Papa Rubens alisikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye kisa cha chui na Kisimba alicheka hadi akakohoa, akasema, "Ndugu yangu huyo." Kuna mahali alimsimamisha Syntiche arudie. Alipomaliza, mzee aliusugua mkono wake wa kulia. Umepona umepinda. Hawezi tena kupanda mti kufuata asali, sasa anainunua kwa wengine na kuiuza.

"Hii njo hadithi nzuri," alisema. "Lakini watu wameshika ile ya kwanza."

Nilisema nitaipeleka hii kwa Tony, aisome.

"Aisome. Watasikiliza. Halafu Jumamosi watanikuta sokoni, na watakumbuka ile ingine."

Syntiche alikunja karatasi.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi nilimkuta Papa Rubens kwenye njia panda, nikamwomba nimbebee gunia. Alinitazama, akanipa. Sokoni Kataki aliketi mahali pake, nami nikaketi kando yake juu ya gazeti, nikiwa na vazi langu la shule. Wanafunzi wangu wengi walipita. Wengine walisalimu, "Madame," kisha, kwa kuwa mzee aliketi pale na macho yangu yalikuwa juu yao, wakasema, "Papa."

Saa tano walikuja vijana wawili nisiowafahamu. Mmoja alianza kutabasamu, kiganja chake kinapanda kuelekea kwenye macho. Nilifungua chupa, nikamimina asali kiganjani mwangu, nikailamba yote, taratibu, nikimtazama. Mkono wake ulishuka. Waliondoka, sijui kama kwa aibu au kwa kuchoka.

"Utakuwa unakuja kila Jumamosi?" Papa Rubens aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Basi lete kiti," alisema. "Huko chini kuna siafu."

Tuliuza chupa tatu. Nne alirudi nazo.